Wosia wa Siku za Katikati

Mila yetu ya Kihaya imelipa neno la mwenye mji uzito mkubwa. Mzee akiona siku zake zinapungua huita watu, akasema kibanja hiki ni cha nani, shamba lile la kahawa ni la nani, nani anamdai na yeye anamdai nani, na nani atakuwa omusika, yaani mrithi mkuu atakayesimama mahali pake. Serikali nayo ililitambua jambo hili mapema. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinaukubali wosia wa mdomo, mradi umeshuhudiwa na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Baada ya maziko wosia hutolewa mbele ya watu, na yule aliyelala chini ya migomba huendelea kuutawala mji wake kwa maneno yake.

Kwa hiyo si kweli kwamba sisi ni watu tunaoogopa kuzungumza juu ya kifo. Tunazungumza sana. Lakini ukichunguza utaona kwamba wosia wetu huanza kusema pale pumzi inapokatika. Kabla ya hapo inadhaniwa kwamba mtu atajisemea mwenyewe. Swali langu katika kurasa hizi ni juu ya siku zilizo katikati: siku ambazo pumzi ipo lakini ulimi umekwisha kufungwa. Ni nani amsemee mtu huyo? Na amsemee nini?

Zamani siku hizo zilikuwa chache. Mtu aliyepigwa na kiharusi hata asiweze kumeza, alidumu siku mbili tatu, kisha akaenda zake. Ndugu walikaa kando ya kitanda wakamlowesha midomo kwa maji. Hapakuwa na jambo la kuamua. Leo kuna mpira wa kulishia unaopitishwa puani, kuna oksijeni, kuna mashine ya kusafisha figo, na katika hospitali kubwa kuna mashine ya kupumulia. Sizilaani mashine hizi. Wapo watu ninaowafahamu, wazima kabisa, ambao wasingekuwapo kama zisingekuwapo. Nasema tu kwamba zimezirefusha siku za katikati, na kila moja inadai jibu: ndiyo au hapana. Jibu hilo hatulidai kwa mgonjwa, maana hawezi kujibu. Tunalidai kwa mtoto wake.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Kaka yangu mkubwa, mkulima wa Muleba, alipigwa na kiharusi miaka sita iliyopita. Mkono na mguu vilikufa upande mmoja, na sauti ikaondoka. Alilazwa, kisha tukaambiwa apelekwe mbali zaidi. Yeye hakuwa na bima ya afya. Mwanawe wa kwanza akaitwa mbele ya kikao cha ukoo, akaulizwa: tumpeleke au tusimpeleke? Kijana alisema tumpeleke. Akaulizwa tena juu ya mpira wa puani, akasema uwekwe. Akaulizwa juu ya fedha, akakubali kipande cha kibanja kiuzwe kwa jirani. Siku ya 23 kaka akafariki, mamia ya kilometa kutoka kwenye migomba yake, na gari la kuleta mwili likagharimu kuliko nauli zote za kumpeleka.

Sitaki kumlaumu daktari yeyote kwa habari hiyo. Jambo linalonisumbua ni kijana yule. Tangu siku ile nusu ya ndugu zake wanasema aliteketeza kibanja kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Nusu nyingine wanasema alichelewa, kwamba angeuza mapema baba yao angekuwa hai. Kijana amehukumiwa kwa makosa mawili yasiyoweza kuwa ya kweli kwa pamoja, na adhabu zote mbili anazibeba yeye. Wala hana shahidi wa kumtetea, kwa sababu mtu pekee ambaye angeweza kusema, "Mwacheni, alifanya nilivyotaka," hakuacha neno lolote.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya wosia wa namna nyingine, ambao nauita wosia wa matibabu: maagizo anayoyatoa mtu angali na akili timamu, juu ya jinsi atakavyotunzwa iwapo ugonjwa utamnyang'anya akili au ulimi.

Wazo hili si letu wala si la jana. Huko Marekani, mwaka 1975, msichana wa miaka 21, Karen Ann Quinlan, alipoteza fahamu asizipate tena, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Wazazi wake wakaomba mashine iondolewe, madaktari wakakataa. Mwaka 1976 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New Jersey ikawakubalia wazazi. Mashine ilipoondolewa, msichana yule aliendelea kupumua mwenyewe, akafariki mwaka 1985. Mwaka huo huo wa 1976 jimbo la California likatunga sheria ya kuutambua wosia wa matibabu. Uingereza iliweka jambo hilo katika sheria ya mwaka 2005, na Mahakama ya Juu ya India ikaukubali wosia huo mwaka 2018. Sisi Tanzania hatuna sheria mahususi inayouhusu. Karatasi nitakayoiandika basi haina meno ya mahakama. Nitarudi baadaye kueleza meno yake ni yapi.

Kwanza nijibu maswali matatu, maana nimeulizwa, na mengine nimejiuliza mwenyewe.

Swali la kwanza ni la waumini, nao katika mkoa wetu ni wengi: je, kuandika karatasi kama hiyo si kumwingilia Mungu katika kazi yake? Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Kuomba kuuawa ni jambo moja, na sheria yetu ya makosa ya jinai inamwadhibu anayemsaidia mtu kujiua. Kukubali kwamba ugonjwa umeshinda ni jambo jingine. Mwaka 1957 Papa Pius XII, akijibu maswali ya madaktari wa usingizi, alisema kwamba mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, wala halazimiki kutumia zile zisizo za kawaida zenye kumlemea yeye au wengine. Tena, yule msichana wa New Jersey atufundishe. Walioondoa mashine hawakuwa na mamlaka juu ya pumzi yake. Iliendelea kwa miaka. Waliondoa kile walichokuwa wamekiweka wao.

Swali la pili ni gumu zaidi. Je, mimi wa leo nina haki gani ya kumfunga mimi wa kesho? Leo nina nguvu, napalilia, nasoma gazeti. Ni rahisi kusema kwamba sitaki kuishi nikiwa sijui jina la mke wangu. Lakini huenda mzee yule nitakayekuwa, asiyejua jina la mtu, akafurahia uji wake na jua la asubuhi. Nani amenipa ruhusa ya kumhukumu? Mwanafalsafa wa sheria wa Marekani, Ronald Dworkin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1993, alishikilia kwamba neno la mtu mwenye akili timamu ndilo liheshimiwe, kwa kuwa maisha ya mtu ni kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mwenyewe ndiye mtunzi wake. Wengine walimpinga, wakasema mgonjwa aliyeko mbele yetu asiachwe kwa sababu ya karatasi ya mtu ambaye hayupo tena.

Sisi wa Kagera tuna sababu yetu wenyewe ya kulichukua swali hili kwa uzito. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka iliyofuata. Fikiri juu ya mtu aliyeandika mwaka 1990: "Nikiugua ugonjwa huu msinihangaikie, hauna dawa." Kwa mwaka ule alisema kweli. Lakini mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, na watu waliokuwa wamekwisha kunyoshwa kitandani wakainuka, wakarudi shambani. Wengine ni majirani zetu hadi leo. Karatasi ya mwaka 1990 kama ingefuatwa neno kwa neno mwaka 2005, ingekuwa imemuua mwenyewe bila sababu.

Kwa hiyo nakubaliana na Dworkin nusu. Neno langu liheshimiwe, lakini liwe na tarehe kama mkate ulivyo na tarehe. Na lisitaje ugonjwa kwa jina, maana magonjwa hubadilika kadiri dawa zinavyobadilika. Litaje hali: kwamba madaktari wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wamesema hakuna matumaini ya kurudiwa na fahamu wala ya kumtambua mtu. Na yule mzee wa kesho anayefurahia uji wake, mkimwona anafungua kinywa na kutabasamu kijiko kinapomkaribia, basi huyo amejisemea. Mpeni uji, na karatasi yangu ikae kimya.

Swali la tatu ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Aliniuliza mama watoto, jioni moja anamenya ndizi, baada ya kumsomea orodha ya mambo niliyokusudia kuyapima. Mojawapo lilisema kibanja kisiuzwe kwa ajili ya kunitibu. Aliendelea kumenya, kisha akasema, "Baba nanihii, na ungekuwa na fedha za waziri, ungeandika hivyo?"

Ndugu msomaji, swali hilo lina ncha. Huko Marekani wosia wa matibabu ulizaliwa na wingi wa mashine. Watu walitaka haki ya kusema "basi". Kwetu mashine ni chache na fedha ni chache zaidi. Mzee maskini akisema "msinihangaikie," je, amechagua? Au umaskini ndio uliochagua, kisha ukaazima kinywa chake? Kuna wazee wengi wanaokataa kwenda hospitali wakisema wamechoka na dunia, kumbe wamepiga hesabu ya ada ya shule ya mjukuu. Tukiichukua kauli kama hiyo tukaiita uhuru, tutakuwa tumeupamba unyonge kwa jina zuri. Na jamii itapumzika, haitauliza tena kwa nini matibabu ya kiharusi yagharimu kipande cha kibanja.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kaka yangu mkulima hakuwa nayo. Tulizaliwa na mama mmoja, tukanywa uji wa chungu kimoja, lakini siku ya ugonjwa mimi ningeulizwa, "Unataka nini?" na yeye akaulizwa, "Mna nini?" Hayo ni maswali mawili tofauti, na karatasi ya kweli haina budi kujibu la kwanza.

Kwa hiyo nililifanya swali la mke wangu kuwa kipimo. Kila sentensi niliipeleka mbele yake: je, ningeiandika hii kama matibabu yote yangekuwa ya bure? Isiyopita isiwemo. "Msinihangaikie kwa kuwa ni gharama" haikupita. Hiyo ni aibu ya maskini, haifai kuwa agizo. Nikiugua ugonjwa unaoponyeka, ngiri, mfupa uliovunjika, malaria iliyopanda kichwani, nihangaikiwe, na ndugu wachangishane kama tulivyozoea kuchangishana. Lakini sentensi ile ya kibanja niliigeuza, ikapita. Sasa inasema hivi: "Kibanja kisiuzwe ili kuninunulia siku ambazo nisingezitaka hata kama zingekuwa za bure."

Naiona sentensi hiyo kuwa moyo wa jambo lote. Fedha haitawali ndani yake, inakuja nyuma. Kwanza mtu ajue ni siku gani asizozitaka kwa zenyewe: siku zisizo na fahamu, zisizo na kumtambua mtu, zenye mpira na vidonda vya mgongoni na mwisho ule ule. Akishazijua, ndipo anapokuwa na haki ya kusema kwamba ardhi yenye makaburi ya baba zake na chakula cha wajukuu wake isitolewe kuzinunua. Bila hatua ile ya kwanza, hii ya pili ni dhuluma tu.

Kipimo hicho kilinionyesha jambo jingine tena, kwamba karatasi ya mtu wa kwetu haiwezi kuwa ya kukataa peke yake. Tajiri aliyezungukwa na mashine aandike mambo anayoyakataa. Sisi tunahitaji kuandika pia mambo tunayoyadai. Nami nimedai matatu.

La kwanza, ukweli. Desturi yetu ni daktari kumwita ndugu pembeni na kumnong'oneza, kisha ndugu hurudi kitandani na uso wa kutengeneza na kusema, "Utapona tu." Inafanywa kwa huruma. Lakini humwibia mgonjwa zile siku chache alizo nazo za kupatana na aliyegombana naye na kuaga anaowapenda. Mimi nimeagiza niambiwe kwanza, kwa Kiswahili au kwa Kihaya, maadamu masikio yanasikia.

La pili, maumivu yatulizwe, hata kama dawa ni mofini na hata ikinifanya nisinzie mchana kutwa. Wengi wetu husikia mofini tukadhani ni dawa ya kummaliza mtu. Sivyo. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua London nyumba ya St Christopher's kwa ajili ya wagonjwa wasioponyeka, akaonyesha kwamba mofini ikitolewa kwa kipimo na kwa saa zake humwezesha mtu kukaa, kuongea na kula. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha kazi kama hiyo Kampala, kwa jina la Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji ambayo mgonjwa hunywa nyumbani kwake. Kampala iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kufa bila mateso ni jambo la Ulaya.

La tatu, nirudishwe nyumbani nikiwa hai. Hapa nilisita, kwa sababu ya historia ile ile. Katika miaka ya themanini na tisini maneno "mpelekeni nyumbani" yalisikika katika hospitali nyingi, na familia nyingi za mkoa huu ziliyapokea kama hukumu. Maana yake ilikuwa: hatuna la kufanya, msituchoshe. Bibi wazee walibaki peke yao na wagonjwa wao, bila dawa ya maumivu, bila mipira ya mikono, bila mtu wa kuuliza. Kutupwa si kurudishwa. Hivyo nimeandika kwamba nirudishwe nyumbani pamoja na dawa ya maumivu, pamoja na mtu aliyefundishwa kunigeuza ili nisipate vidonda, na pamoja na ahadi ya muuguzi ya kuja kuniona. Vikikosekana hivyo, niacheni hospitali.

Yale niliyoyakataa ni machache. Nisiwekwe kwenye mashine ya kupumulia ikiwa hali yangu ni ile niliyoitaja, ya kutorudi. Ikiwa haijulikani, nijaribiwe kwa siku 14, kisha madaktari waulizwe tena. Naupenda muda huo wa majaribio, maana unaondoa ule ukatili wa kumtaka mtoto aseme ndiyo au hapana katika saa ya kwanza, machozi yakiwa bado machoni. Anaweza kusema, "Tujaribu kama baba alivyoagiza," na siku zenyewe zitamjibu.

Sasa nirudi kwenye meno ya karatasi. Wakenya walitupatia funzo kubwa. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema kwamba mumewe alitaka kuzikwa Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema azikwe Nyalgunga, kwao Siaya, kama mila ya Wajaluo inavyotaka. Marehemu hakuacha wosia wa maandishi, ingawa alikuwa mwanasheria. Ikabidi mahakama isikilize mashahidi, huyu akisema alimsikia akisema hivi, yule akisema alimsikia akisema vile. Mwili ulikaa miezi mitano bila kuzikwa. Rufani ikaamuliwa kwa upande wa ukoo, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987.

Wengi hulichukua shauri lile kama vita ya mila na usasa. Mimi nalichukua kama habari ya neno lililosemwa mbele ya upande mmoja tu. Mtu akimwambia mkewe peke yake, neno lake ni la mkewe. Akiwaambia ndugu peke yao, ni la ndugu. Wazee wetu walilijua jambo hilo, ndiyo maana walitaka wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wa ukoo wanazuia wageni wasimghilibu mzee. Wasio wa ukoo wanazuia ukoo usimmeze. Sheria yetu haijaniamuru kufanya hivyo kwa wosia wa matibabu, lakini hekima ile ile inafaa. Nguvu ya karatasi yangu itatokana na watu walioisikia nikiisoma kwa mdomo wangu.

Nikawaita. Walikuja hapa Rwamishenye Jumapili moja mchana: watoto wangu wote waliokuwa karibu, wadogo zangu wawili, jirani yangu Mwislamu ambaye tumepakana naye miaka 30, na muuguzi mstaafu wa mtaa wetu. Nikasoma. Nilipofika pahali nilipomtaja mtu wa kunisemea, nikamtaja binti yangu wa pili, aliyeolewa Misenyi. Mwanangu wa kwanza aliinua kichwa. Kila mtu anajua kwamba yeye ndiye omusika.

"Baba," aliuliza kwa upole, "kwa nini si mimi?"

Nikamjibu, "Mwanangu, wewe utapokea kibanja. Anayepokea kibanja asiwe ndiye wa kusema 'basi'. Siku utakaposema basi, hata ukiwa umesema kwa machozi, kuna mtu nyuma ya nyumba atanong'ona kwamba ulikuwa na haraka ya kurithi. Sitaki neno hilo likukute. Dada yako nilikwisha kumpa fungu lake. Kufa kwangu hakumwongezei hata mkungu mmoja wa ndizi."

Alinyamaza, kisha akasema, "Hapo nimeelewa." Mdogo wangu, ambaye alikuwapo katika kikao kile cha Muleba, alitazama chini muda mrefu. Halafu akauliza kama na yeye anaweza kuandikiwa yake.

Kuna sentensi ya mwisho niliyoiandika, nayo haina agizo lolote la tiba. Inasema: "Binti yangu akiamua jambo ambalo halimo humu, au akiamua kinyume cha lililomo kwa sababu ameona jambo ambalo mimi sikuliona, ameamua vema, na mtu asimlaumu." Mwanasheria ataicheka, atasema inaiua karatasi yote. Mimi naona ndiyo inayoipa uhai. Sijui mwisho wangu utakavyokuja, na anayejidai kuupanga wote anajidanganya. Maji ya ziwa letu yaliwachukua mamia ya watu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na watu 19 wakafa ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022. Hao hawakupewa siku za katikati hata moja. Karatasi haimtawali mauti. Lililo katika uwezo wangu ni dogo kuliko hilo, nalo ni kuhakikisha kwamba mtoto atakayesimama mlangoni mwa wodi, akiulizwa swali zito kuliko umri wake, asisimame peke yake, na kwamba akitoka pale asiwe mshitakiwa maisha yake yote.

Baadhi ya rafiki zangu wanasema haya ni mambo ya wasomi, kwamba mkulima hawezi kuyafuata. Nadhani ni kinyume. Mkulima wa kwetu amezoea kusema neno lake mbele ya watu wanne kuliko wasomi waliozoea kufungia karatasi kabatini. Hahitaji wakili wala muhuri. Anahitaji alasiri moja, mashahidi wanne, na ujasiri wa kulijibu swali la kweli: ni siku zipi ningezitaka, na zipi nisingezitaka, kama zote zingekuwa za bure? Asiyejua kuandika aseme, mjukuu aandike, tarehe iwekwe. Nakala moja akae nayo msemaji wake, nyingine iwekwe pamoja na kadi ya kliniki, ya tatu sandukuni. Watoto wakikusanyika wakati wa Krismasi au Idi isomwe tena, na panapofaa pabadilishwe.

Basi ndugu msomaji, usingoje kuugua. Mgonjwa akianza kuzungumza haya watu hulia na kumwambia anyamaze. Mwenye afya akiyazungumza humsikiliza, hata wakimwona ana vijimambo. Waite, waambie, uwaulize na wao wangependa nini, maana si wazee peke yao wanaougua. Ukishamaliza, wape chakula, kisha kesho yake urudi kupalilia migomba yako.